Sauti ya Viraka

Kila siku nikitoka shule nilivua viatu mlangoni, nikanawa mikono, kisha nikaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya Mama na kuanza kushona vifungo. Shati moja la sare lilikuwa na vifungo saba mbele na kimoja kwenye kila mkono. Mama hakuwa na masihara na vifungo. Kila kimoja kilitakiwa kupitishwa uzi mara sita, na akikivuta kwa ukucha kikacheza, alikikata papo hapo na kunirudishia shati. Hakunigombeza. Alikata tu, akaendelea kukanyaga cherehani yake, nami nikachukua tena sindano.

Ninaanza na vifungo kwa sababu katika jambo hilo nilikuwa mkweli. Katika jambo ninalotaka kusimulia sikuwa mkweli, na mpaka leo nikilikumbuka masikio yananiwaka moto.

Mama ametoka katika watu wenye lugha yao, na lugha hiyo yeye huiita kikwetu. Baba haijui. Kwa hiyo nyumbani tulizoea Kiswahili tu, na mimi nilifika darasa la sita nikiwa na kikwetu cha kuhesabu kwa vidole: ndiyo, vizuri, nimesikia, maji, macho, na maneno machache ya kuamkia watu. Bibi, mama yake Mama, alikuwa kinyume changu. Yeye alikuwa na kikwetu chote, na Kiswahili kidogo cha kuulizia njia. Aliishi mbali, mwendo wa nusu siku kwa basi, na macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Kupiga simu kwenyewe alipigiwa na mwenye duka wa jirani, kwa kuwa namba hakuziona tena.

Mwanzoni mwa mwaka Mama alinipa kazi. Kila Jumamosi alasiri nichukue simu yake na kumtumia Bibi ujumbe wa sauti kwa kikwetu. Nikikosa neno nimuulize, lakini sentensi ziwe zangu. Alisema amejilaumu sana kwa kuniacha nikue bila lugha ya mama yake, na simu hii ndiyo itakayotuokoa.

Jumamosi ya kwanza nilijirekodi nikafuta, nikajirekodi nikafuta, mara tisa. Nilijisikia kama mtoto anayejifunza kutembea mbele ya wageni. Kumuuliza Mama neno ilikuwa kukiri kwamba sijui, na mimi darasani nilikuwa wa kwanza au wa pili, kutojua sikukuzoea. Mwishowe nikamwambia Mama kwamba cherehani inanipigia kelele, nikabeba simu na kwenda saluni ya jirani.

Mwenye saluni tulimwita Dada Msusi. Alikuwa mtu wa kwao Mama, mcheshi, mwenye vidole visivyopumzika. Siku hiyo alikuwa anamsuka mteja, na kitana amekibana kwa meno. Nilipomweleza shida yangu alicheka na kusema hilo ni dogo. Akatamka kipande cha sentensi kwa kikwetu, nami nikakirudia.

Sikio langu ni zuri, hilo nakubali. Nikisikia jambo mara moja nalitoa vilevile, pamoja na kupanda na kushuka kwa sauti. Basi tukaanza kazi. Dada Msusi alisema kipande, mimi nikabonyeza simu nikakisema, kisha nikabonyeza kitufe cha kusitisha. Akasema kipande kingine, nikabonyeza tena nikaendeleza. Simu iliviunganisha vyote. Ukisikiliza, ulimsikia msichana anayemwaga kikwetu bila hata kumeza mate. Dada Msusi alivunjika mbavu, na tangu siku hiyo akaniita Kasuku. Jina lilinipendeza. Nikamlipa kwa kumtenganishia nywele za bandia, fungu baada ya fungu.

Kesho yake Bibi alijibu. Ujumbe wake ulikuwa mrefu na sauti yake ilitetemeka kwa furaha, lakini mimi nilisikia kelele tu. Nikaupeleka saluni. Dada Msusi aliubana kati ya bega na sikio, akasikiliza huku akisuka, kisha akaniambia kwa kifupi: amefurahi, anakuombea. Ikawa hivyo kwa miezi mitano. Alikuwa mdomo wangu na alikuwa masikio yangu, na mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe.

Sifa zilianza kumiminika. Bibi aliupeleka ujumbe wangu kwenye foleni ya mashine ya kusaga, akauchezesha watu wote wasikie. Aliuchezesha kwenye zahanati. Mama aliposikia ujumbe wa kwanza aliacha kukanyaga cherehani, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare. Baada ya hapo kila mteja aliyekuja kupimwa alisimuliwa habari zangu, akiwa amenyoosha mikono na utepe umemzunguka kifua, hana pa kukimbilia. Mimi niliinamia vifungo. Nisiseme uongo, kichwa kilinivimba. Lakini chini ya sifa hizo kulikuwa na kitu kinachonichoma, kama sindano iliyosahauliwa ndani ya nguo. Nilijua iko pale. Sikuitoa.

Kuumbuka kwangu kulianza Jumatano moja. Mama alikuwa na oda ya sare arobaini za shule moja, za kukabidhiwa Jumamosi, na mchana ule alikwenda kununua vifungo zaidi. Simu aliiacha inachaji kwenye meza ya pasi. Ikaita. Nikaona jina: Bibi. Haukuwa ujumbe. Ilikuwa simu ya kuongea.

Nilichungulia saluni, mlango ulikuwa umefungwa. Simu ikakatika, nikashusha pumzi. Ikaita tena. Nikakumbuka Mama alivyosema kwamba mzee hapigi simu bure, nikapokea.

Bibi alianza kuzungumza. Alizungumza kama maji yaliyofunguliwa bombani, kwa sababu alijua anazungumza na mjukuu ambaye kikwetu kwake ni maji. Hakukuwa na kitufe cha kusitisha. Hakukuwa na kufuta. Nilidaka neno macho, nikadaka neno mama, mengine yote yalipita juu ya kichwa changu. Alipotua, nikasema ndiyo. Akasema tena jambo refu, akatua, nikasema nimesikia. Safari ya tatu aliuliza kitu na kungoja, na mimi nikacheka kidogo, nikasema vizuri, Bibi, ndiyo, nimesikia. Nilivitamka vizuri mno. Akaniombea dua moja ndefu, simu ikakatika.

Nilisimama pale na simu mkononi. Ningeweza kumwambia Mama: Bibi amepiga, sikuelewa, mpigie. Maneno manne tu. Lakini maneno hayo manne yangevuta yote niliyoyaficha miezi mitano. Mama aliporudi aliona simu imeguswa, akauliza nani kapiga. Nikamwambia ni Bibi. Akauliza amesemaje.

"Anasalimia tu," nilisema. "Ni mzima."

Mama alifurahi kwamba tumeongea wenyewe, moja kwa moja. Akasema atampigia akimaliza sare, akarudi kwenye cherehani. Nilishona vifungo jioni ile vizuri kuliko siku zote.

Ijumaa nilipotoka shule Mama alikuwa anapiga pasi mashati ya mwisho. Ilikuwa saa kumi hivi. Simu ikaita kwa namba ngeni, Mama akaibana begani huku pasi ikienda. Halafu pasi ikasimama. Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua, na Mama hakuiinua.

Aliyepiga alikuwa karani wa tiketi wa stendi ya mabasi. Alisema yuko na mama mtu mzima asiyeona vizuri, ameketi kwenye benchi tangu saa tano asubuhi.

Mama alichomoa pasi, akavaa viatu bila kufunga mikanda. Njiani tulikimbia zaidi ya kutembea. Aliniuliza bila kunitazama, Bibi alisema nini Jumatano. Nilijibu kwamba alisalimia tu. Sauti yangu ilitoka nyembamba, hata mimi nisingeiamini.

Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji mbele ya dirisha la tiketi, miguu ameiweka pamoja, kifurushi mapajani. Alikuwa amevaa vizuri, amejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda mahali pa maana. Jua lilikuwa limehama, na kivuli kilichokuwa kwake asubuhi kilikuwa sasa upande mwingine. Hakuhama nacho. Karani alitoka kwenye kibanda chake, akamweleza Mama kwamba kondakta ndiye aliyemshusha na kumkalisha pale.

"Kila nikimwomba namba nipige, anakataa," karani alisema. "Ananijibu, 'Mjukuu anakuja.' Leo nimelisikia neno hilo mara ishirini. Nilipomwonyesha kwamba nafunga dirisha ndipo akafungua karatasi aliyoifunga kwenye pindo la nguo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa muda wa saa tano nzima. Yeye mwenyewe alikataa kusaidiwa, kwa kuwa niliahidi.

Mama alipiga magoti mbele ya benchi, wakaongea kwa kikwetu. Nilimwona Mama anabadilika uso, kisha anageuka kunitazama. Akanieleza kwa sauti ya chini. Daktari wa macho alikuwa anakuja hospitali kubwa ya mji wetu mara moja kwa mwezi, na muuguzi wa zahanati ya kwa Bibi alikuwa amemwombea nafasi ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Nafasi yenyewe ilikuwa leo, saa sita mchana. Bibi alipiga Jumatano kusema hayo. Aliuliza kama tutampokea stendi saa tano, akajibiwa ndiyo. Aliuliza kama sitasahau kumwambia mama yangu, akajibiwa nimesikia. Sasa daktari ameshaondoka.

Bibi alikuwa amesikia pumzi zangu. Alinyoosha mkono hewani mpaka akanipata, akanipapasa shavu, akaanza kuniambia kitu haraka haraka kwa upole. Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililonimaliza. Akatua, akangoja.

"Ndiyo, Bibi," nikasema kwa kikwetu.

Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayefikiri kelele za mabasi zimemchanganya. Akauliza tena, polepole zaidi.

"Nimesikia," nikasema. "Vizuri."

Mama alisimama. "Amekuuliza kama unaumwa," aliniambia, "kwa sababu anajua ungekuwa mzima usingemwacha hapa. Halafu amekuuliza unaumwa wapi. Na wewe unamjibu vizuri."

Karani wa tiketi alisikia. Mama mmoja aliyengoja basi naye alisikia. Mkono wa Bibi ulikuwa bado shavuni kwangu, na machozi yangu yalipita kwenye vidole vyake. Hakuhitaji lugha kuyaelewa hayo.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alimkalisha Bibi kwenye kiti cha wateja, akampa maji ya kunywa, akanivuta pembeni. Nilimwambia yote: saluni, vipande, kitufe. Nilidhani atanichapa, na kusema kweli ningefurahi, ingekwisha haraka. Mama hakuinua mkono. Alitazama rundo la mashati, akasema nikamwambie Bibi mwenyewe. Nikamjibu kwamba sina maneno. Alisema hilo ndilo la kumwambia.

Nilisimama mbele ya Bibi. Sikujua neno la kudanganya kwa kikwetu. Sikujua neno la samahani. Kwa miezi mitano sikuwahi kulihitaji. Nikafikiri, kisha nikaenda saluni kumwita Dada Msusi. Alikuja na kitana kimechomekwa nyweleni mwake, akitabasamu, na alipomwona Bibi na kunitazama usoni, tabasamu likafa.

Nikamwomba afanye kama tulivyokuwa tunafanya. Akasita. Mama akatikisa kichwa kumruhusu. Akaninong'oneza kipande sikioni, nami nikakisema kwa sauti. Nikanyamaza. Akaninong'oneza kingine, nikakisema. Ulikuwa ujumbe wa wiki iliyopita, ule ambao Bibi aliusikiliza mpaka akaukariri. Mbele yetu alisikia jinsi ulivyoshonwa: mnong'ono, sauti yangu, kimya, mnong'ono, sauti yangu, kimya. Viraka vitupu.

Bibi aliinua kiganja tukome. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Alisema jambo moja fupi, na Dada Msusi akaangalia chini. Nikamgeukia Mama anifasirie.

"Anauliza," Mama alisema, "basi miezi yote hii alikuwa anaongea na nani?"

Sijui kama nitawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo. Bibi aliomba kulala, akageukia ukutani na kifurushi chake. Dada Msusi alimwomba Mama radhi mlangoni. Alisema aliona ni mchezo wa kumsaidia mtoto, hakujua anamfungia mlango. Tangu siku ile hakuniita tena Kasuku, na mimi jina hilo nikilisikia hata kwa ndege halisi nageuka upande mwingine.

Asubuhi Mama alikwenda hospitali, akarudi na jibu kwamba nafasi nyingine ipo baada ya wiki tano. Bibi akasema atangoja kwetu. Mama naye akapitisha sheria mbili. Ya kwanza, mimi ndiye nitakayekuwa macho ya Bibi nikiwa nyumbani: kumpeleka bafuni, kumtoa nje kuota jua, kumwelekeza kijiko kilipo. Ya pili, yeye Mama hatafasiri kitu, hata nikimlilia.

Kabla sheria haijaanza nilimwomba neno moja la mwisho. Nilitaka kujua watu wanasemaje kwa kikwetu, sijaelewa, rudia. Mama akaniambia. Yalikuwa maneno mawili tu. Miezi mitano ya uongo, na dawa yake ilikuwa maneno mawili.

Siku za kwanza zilikuwa mateso. Bibi alisema jambo, mimi nikasema sijaelewa, rudia. Akarudia, nikasema sijaelewa, rudia. Kila mara uso uliniwaka, kwa kuwa kila mara nilikuwa namkumbusha kwamba yule msichana wa kwenye simu hakuwepo. Siku moja aliniomba fimbo yake nikamletea sufuria. Akaipapasa ile sufuria, kisha mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu stendi, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kisha nikarudi na fimbo.

Taratibu masikio yalianza kufunguka. Niligundua kwamba mtu aliye mbele yako anazungumza na mikono pia, na kidevu, na kunyamaza. Niligundua kwamba nikikosa neno naweza kulizunguka: nikikosa daraja naweza kusema njia ya juu ya maji. Bibi alikuwa mwalimu mwenye utani. Ilifika wakati akimaliza kusema tu, kabla sijafungua mdomo, yeye mwenyewe anasema sijaelewa, rudia, kwa sauti yangu. Na anarudia.

Wiki tano zilipotimia tulikwenda hospitali sote watatu. Tuliketi kwenye benchi refu la wagonjwa wa macho, watu kama kumi na watano, wengi wao wazee na jamaa zao. Mama aliitwa dirishani kuandikisha faili. Mara muuguzi akatokea na ubao wake wa karatasi, akasimama mbele ya Bibi. Aliuliza kama kuna anayejua lugha yake. Nikatazama dirishani. Mama alikuwa wa nne kwenye foleni, amenipa mgongo.

Nilisema ninajua kidogo. Sijawahi kusema neno kidogo kwa uzito ule.

Muuguzi alitaka kujua kama kuna dawa yoyote iliyowahi kumdhuru Bibi. Neno la kudhuru sikuwa nalo. Nikalizunguka: Bibi, dawa, mbaya kwako, siku za nyuma, ipo? Bibi akajibu kwa sentensi ndefu, haraka, maana alikuwa na wasiwasi wa kupasuliwa. Nilidaka macho na usiku, basi. Muuguzi alikuwa ameshaweka kalamu tayari kwenye kisanduku cha hapana. Watu wa benchi lote walikuwa wananitazama. Neno ndiyo lilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi, kwa mazoea tu.

"Sijaelewa, Bibi," nikasema. "Rudia."

Akarudia. Nikasema tena sijaelewa. Kijana mmoja kwenye benchi akacheka puani, akamwambia mwenzake kwamba mfasiri mwenyewe anahitaji mfasiri. Wakacheka watatu wanne. Aibu ilinipanda kutoka shingoni mpaka utosini, ileile ya stendi, lakini safari hii sikuikimbia. Nikamshika Bibi mkono, nikasema kwa mara ya tatu, sijaelewa, rudia polepole.

Bibi akaweka mikono yake usoni, akaonyesha kope zinavimba. Akashika koo, akavuta pumzi kwa shida. Akasema neno la matone, lile tulilolitumia bombani kila siku. Nikaelewa. Nikamwambia muuguzi kwamba mwaka uliopita alitiwa dawa ya matone machoni, usiku ule kope zikavimba na pumzi ikambana.

Muuguzi hakuandika hapana. Alibadilisha kalamu, akaandika kwa wino mwekundu juu kabisa ya karatasi, akauliza kama Bibi anajua jina la dawa. Nikauliza. Bibi akafungua kifurushi chake, akatoa kichupa kilekile kikavu alichokuwa amekihifadhi mwaka mzima. Hakuna aliyewahi kumuuliza, ndiyo maana hakuna aliyewahi kukiona. Muuguzi akakisoma kile kichupa, akaingia nacho kwa daktari mbio. Alipotoka alisema dawa hiyo ilikuwa kati ya zile za leo, na sasa imeondolewa.

Mama alikuwa amefika nyuma yetu na faili. Muuguzi akamwambia mbele ya benchi lote:

"Mtoto wako amemuuliza bibi yake mara tatu. Mimi wanaonitia hofu ni wale wanaonijibu ndiyo mara ya kwanza."

Kijana aliyecheka akajifanya anasoma bango ukutani.

Bibi alipasuliwa jicho la kwanza mchana ule. Kesho yake walimfungua bandeji. Alitazama mkono wake, akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu mpaka nikainamisha uso. Alisema kitu. Nilielewa bila kurudiwa. Alisema, basi ni wewe.

Siku ya kumsindikiza, Mama alinishika bega pale stendi mbele ya dirisha la tiketi. Benchi la saruji lilikuwa palepale. Alisema simu ni kitu kizuri na mimi nitaitumia maisha yangu yote, lakini kuna jambo niliweke moyoni. Kwenye simu unaweza kufuta ulipokosea, unaweza kusitisha, unaweza kuazima mdomo wa mtu. Mtu akikuuliza jambo moja kwa moja, huna hata moja kati ya hayo. Hapo unabaki na masikio yako, na ujasiri wa kusema hujaelewa. Akasema kwamba lugha anajifunza anayekubali kuonekana hajui. Na yeye pia alikosea, alisema, kwa kufurahia sauti nzuri bila kuniuliza hata siku moja ilisema nini.

Jumamosi iliyofuata nilimtumia Bibi ujumbe. Nilirekodia chumba cha mbele, cherehani ikilia, Mama akisikia kila kitu. Nilibonyeza mara moja tu mpaka mwisho. Ulikuwa wa dakika nne, na nusu yake ni mimi nikitafuta maneno, nikikohoa, nikirudi nyuma kusahihisha. Palipo na daraja nilisema njia ya juu ya maji. Nilipomaliza niliona aibu hata kuusikiliza, nikautuma hivyohivyo.

Jibu lilikuja jioni. Nililisikiliza mwenyewe mara tano mpaka nikalipata lote. Bibi alisema ameupeleka kwenye foleni ya mashine ya kusaga kama zamani. Watu walicheka sana, wengine walimuuliza mjukuu amepatwa na nini, mbona kikwetu kimempotea. Naye akawaambia, "Huu ndio ujumbe wa kwanza alionitumia."